Adabu na Adhabu Si Ndugu

Disemba iliyopita nilikuwa ukweni kwangu, karibu na mji wa Awendo katika kaunti ya Migori, ambako jamaa walikuwa wamekutana kwa shughuli ya kifamilia. Wakubwa tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, nao watoto wamejaa uani. Mvulana mmoja, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili na nusu, alikuwa akikokota kigari cha waya. Binamu yake wa kike, mwenye umri wa miaka minne, alikipenda kigari hicho na akakichukua bila kuomba. Yule mdogo hakusema neno. Alimwendea binamu yake, akamng'ata begani kwa meno yake yote machache.

Mpenzi msomaji, laiti ungaliyaona mabaraza yaliyokaa papo hapo! Mjomba wa mtoto alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema kuwa huyu ni simba na kwamba hakuna atakayemwonea maishani. Mama mzazi, kwa haya ya kuaibishwa mbele ya wageni, alikwisha kuvunja ufito wa mpera. Shangazi alimshauri aache ufito, amng'ate mtoto naye aonje utamu wa meno. Kijana mmoja aliyekuja kutoka Nairobi alitoa simu yake mfukoni, akampa mtoto katuni atulie. Mimi nilinyamaza. Wanaojua mila za Waluo wataelewa kwamba mkwe hapayuki mbele ya mama mkwe. Lakini huo haukuwa ukweli wote. Nilinyamaza kwa sababu ushauri wa shangazi nilikwisha kuufuata, miaka kadhaa iliyopita, juu ya mwanangu mwenyewe.

Nitalirejelea jambo hilo. Kwanza nataka tuulizane: mtoto wa miaka miwili anapouma, kupiga, kusukuma au kumrushia mwenziwe jiwe, anafanya nini hasa? Je, ni uovu unaochipuka, ambao usipong'olewa mapema utatuletea jambazi?

Wengi wetu tunaamini hivyo. Tunadhani kwamba mtoto huzaliwa mpole, kisha akajifunza ukatili kwa jirani, shuleni au katika filamu. Utafiti wa muda mrefu umetuonyesha picha tofauti. Richard Tremblay, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada, alianza mwaka wa 1984 kufuatilia wavulana wa chekechea katika mji huo hadi wakawa watu wazima. Baadaye yeye na wenzake wakarudi nyuma, wakawachunguza watoto wangali wachanga. Waligundua kwamba umri ambao binadamu hutumia nguvu za mwili zaidi dhidi ya mwenziwe si miaka kumi na sita wala ishirini. Ni kati ya miaka miwili na minne hivi. Baada ya hapo, kwa watoto walio wengi, vitendo hivyo hupungua mwaka baada ya mwaka. Kwa ufupi, mtoto hahitaji kufundishwa kupiga. Anachohitaji ni kufundishwa kutopiga, na mafunzo hayo huchukua muda.

Kwa nini iwe umri huo? Sababu ni nyingi. Mtoto huyu ana miguu inayomfikisha popote na mikono inayoshika chochote, ilhali uwezo wa kujizuia bado haujakomaa ubongoni mwake. Meno ya nyuma yanamtoka. Huenda ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na mama ana mimba nyingine. Aghalabu ana njaa au usingizi na hajui kama ana njaa au usingizi. Lakini nikiwa mwanaisimu, naomba ruhusa ya kuitaja sababu moja iliyo karibu na kazi yangu, nayo ni lugha.

Tumtazame tena yule mvulana wa Awendo. Amenyang'anywa kigari. Mtu mzima katika hali hiyo angesema, "Usininyang'anye!" Kwetu hilo ni neno moja tu, tena jepesi. Hebu tulipasue. U- ni nafsi ya mtendaji, -si- ni kikanushi, -ni- ni yule anayetendewa, -nyang'any- ni mzizi, na -e ni kiishio cha dhamira ya kutaka au kukataza. Mofimu tano kwa pumzi moja! Kamil Ud Deen, aliyechunguza namna watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili na kuchapisha kitabu juu yake mwaka wa 2005, alionyesha kwamba watoto wadogo huanza kwa kudondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi, wakabaki na mzizi na kiishio. Viambishi hivyo huwajia polepole. Kwa Kiluo kazi ni hiyo hiyo ingawa umbo ni jingine: *kik imaya*. Kuna neno la kukataza, kuna nafsi ya pili, kuna kitenzi cha kunyang'anya, kuna "mimi" mwishoni. Mtoto wa miaka miwili ana dai halali kabisa, dai ambalo hata mahakama ingelisikiliza, lakini hana sarufi ya kulitoa. Ana meno. Basi hutumia alichonacho.

Sisemi kwamba kila mtoto asemaye mapema ni mpole, wala kwamba kila aumaye hana maneno. Nasema tu kwamba mtoto anapouma, mara nyingi kuna sentensi iliyokwama, na kazi ya mkubwa ni kuisikia sentensi hiyo na kumsaidia kuitoa.

Sasa nirejelee niliyoahidi. Binti yangu alipokuwa na umri wa miezi ishirini hivi, tukiishi katika nyumba za wafanyakazi wa chuo, alimng'ata mtoto wa jirani shavuni. Alama ilikaa siku nzima. Niliona haya isiyo na kifani. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, msomi kuniliko, aliniambia kwa huruma kwamba dawa ni moja: mng'ate naye. Siku iliyofuata aliponing'ata mimi mwenyewe, niliushika mkono wake mdogo nikamng'ata. Sikumng'ata kwa nguvu, lakini nilimng'ata kiasi cha kuhisi. Hakulia papo hapo. Aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ananitafuta na hanioni.

Wakati huo nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila neno jipya alilolitamka, kama wafanyavyo wanaisimu wengi wapatapo watoto. Nilikuwa nikiisubiri kwa hamu sentensi yake ya kwanza ya maneno mawili. Ilikuja jioni ile ile, mama yake alipofika kutoka kazini. Mtoto alimwonyesha mkono, akasema: "Baba ng'ata." Viambishi vyote vya "alining'ata" vilikuwa vimedondoka, sawasawa na nadharia. Aliirudia sentensi hiyo kwa kila mgeni aliyeingia kwa muda wa siku tatu. Sentensi hiyo ningali nayo daftarini, pamoja na tarehe yake. Wala usidhani kwamba aliacha kuuma. Wiki hiyo hiyo aliwauma wenzake mara mbili zaidi. Ukitafakari utaona kwamba hakukosa kujifunza. Alijifunza barabara. Somo nililompa lilikuwa hili: katika nyumba hii, mwenye nguvu akiudhika huuma.

Jambo hilo halikupaswa kunishangaza. Mwaka wa 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwaruhusu watoto wa chekechea kumtazama mtu mzima akilipiga sanamu kubwa la mpira. Watoto hao walipoachwa na sanamu hilo walimwiga, tena kwa vitendo na maneno yale yale waliyoyaona na kuyasikia. Mtoto huiga matendo yetu kabla hajaelewa sababu zetu. Tunapompiga kofi huku tukimwambia "Usipige!", midomo yetu inafundisha jambo moja na mikono yetu jingine, naye hufuata mkono.

Hapa pana mtego wa lugha unaostahili kutajwa. Katika Kiswahili, maneno adabu na adhabu yanafanana kama ndugu wa tumbo moja, na tumezoea kusema "nitamtia adabu" tukiwa na maana ya kwamba nitamchapa. Wanafunzi wangu wengi hudhani ni neno moja lililotamkwa kwa namna mbili. La hasha! Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti isiyohusiana. Adabu imetokana na neno lenye maana ya malezi mema na mwenendo wa kistaarabu, neno ambalo kwa Kiarabu hutumiwa pia kwa fasihi. Adhabu imetokana na neno lenye maana ya mateso. Sauti mbili zilizokuwa mbali huko zilikotoka zimekaribiana katika masikio yetu, na kwa kukaribiana huko tumejishawishi kwamba kutesa ni kulea.

Yawezekana msomaji wangu mwalimu anatabasamu, akisema kwamba haya ni ya vitabuni na ya Ulaya, hayawezekani kwetu. Basi na tutoke Montreal na Stanford, turudi Oyugis.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Carol Ember, alifanya utafiti miongoni mwa Waluo wa eneo la Oyugis, katika iliyokuwa wilaya ya South Nyanza, ambayo leo ni sehemu ya kaunti ya Homa Bay. Alivutiwa na jambo moja dogo. Katika boma lenye wasichana, kazi za jikoni na kulea watoto zilikuwa zao. Lakini katika boma ambamo msichana mkubwa hakuwapo, mama hakuwa na hiari: mvulana alifanya kazi hizo. Ember aliwalinganisha wavulana hao na wenzao. Katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1973, alieleza kwamba wavulana waliopewa kazi za kike kwa wingi, hasa zile za ndani ya nyumba, hawakuwa wagomvi na wabinafsi kama wavulana wengine. Hawakuwa wamezaliwa wapole. Walipewa kazi iliyowafunza upole.

Niliyasoma makala hayo nikiwa mwanafunzi wa uzamili, na nusura niyaangushe, kwa maana mmoja wa wavulana wa namna hiyo nilikuwa mimi, ingawa nilizaliwa miaka mingi baada ya utafiti huo kufanywa. Kwetu, si mbali na Oyugis, tulizaliwa wavulana wanne mfululizo. Mama aliuza samaki sokoni. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilikuwa *japidi*, yaani yaya, wa ndugu yangu mdogo. Nilimbeba mgongoni huku wenzangu wakicheza kandanda na kuniita msichana. Ndugu yangu huyo alikuwa muumaji hodari. Nami sikuwa na ruhusa ya kumpiga, kwa kuwa akilia ningeulizwa mimi. Silaha ya nguvu nilikuwa nimepokonywa. Ikanibidi nijifunze njia nyingine: kutambua saa anapoanza kuchoka, kumwondoa penye ugomvi kabla haujaiva, kumwonyesha kuku, kumtajia jina la kitu alichokuwa akikililia. Nilimfundisha kusema "nipe" kwa sababu neno hilo lilinipunguzia alama za meno.

Tazama basi kioja cha maisha. Mtoto wa miaka tisa asiye na elimu alijua kumtuliza muumaji, na baba mwenye shahada ya uzamifu akamng'ata binti yake. Tofauti haikuwa ujuzi. Tofauti ilikuwa ruhusa. Yule mtoto alikuwa amekatazwa kutumia nguvu, nami hakuna aliyenikataza.

Au tuseme, sheria ilinikataza nami nikajifanya sijui. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalitilia nguvu katazo hilo. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 29, inampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya kupigwa, na Ibara ya 53 inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemwachia mzazi mwanya wa kutoa adhabu ya kadiri, lakini sheria mpya ya 2022 iliyoichukulia mahali haikuubakisha mwanya huo. Hata hivyo, sheria haiingii jikoni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hao ndio wazazi wa leo.

Kuna pingamizi mbili ambazo ni lazima nizijibu. Ya kwanza ni methali: samaki mkunje angali mbichi. Nakubali methali hii kwa moyo wote. Lakini anayeijua kazi ya samaki, na sisi wa kando ya ziwa tunaijua, anafahamu kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa mkono taratibu. Hakuna anayemkunja kwa kumponda. Methali inasema mapema, haikusema kwa kiboko.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ni rahisi kwa mhadhiri kuhubiri subira. Lakini bibi wa miaka sabini anayelea wajukuu watano atapata wapi subira hiyo? Hilo si swali la kubuni katika sehemu hizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulikadiria maambukizi ya virusi vya Ukimwi miongoni mwa watu wazima kuwa karibu asilimia 20 katika Homa Bay na zaidi ya asilimia 13 katika Migori, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa chini kidogo ya asilimia 5. Ugonjwa huo umewaachia mabibi wengi watoto wasiokuwa na wazazi. Aidha, kuna mama anayeondoka alfajiri kununua omena ufuoni, na kuna yule anayelima shamba la miwa mchana kutwa. Kumwambia mtu huyu "zungumza na mtoto" kunaweza kuonekana kama kejeli. Jibu langu ni kwamba njia ninayoizungumzia haihitaji muda mrefu wala fedha. Tena haikutoka kwangu. Niliiona chini ya mwembe ule ule wa Awendo.

Kwa kuwa sikukwambia alichofanya mama mkwe wangu. Mabaraza yote yalipokuwa yakiendelea, alinyanyuka polepole. Kwanza alimwendea yule msichana aliyeumwa, akampangusa bega kwa upindo wa leso yake, akamketisha. Hivyo muumaji aliona kwamba anayeuma si yeye anayepata kutazamwa. Kisha akamwendea mvulana, akainama ingawa magoti yanamsumbua, akamshika kifundo cha mkono bila kumbana. Akamwambia kwa sauti ya chini asimwume mwenziwe, kwamba anaumia. Halafu akampa maneno: sema, *kik imaya*. Kigari kikarudishwa kwa aliyekuwa nacho, na msichana akaambiwa aombe. Ufito wa mpera ukabaki mkononi mwa mama mtoto ukiwa hauna kazi. Yote hayo hayakuchukua dakika mbili.

Walimu wa chekechea, mambo ni yale yale darasani: aliyeumizwa kwanza, katazo fupi, kisha neno la kutumia mara nyingine, na sifa mtoto anapolitumia. Tusimbandike mtoto jina la "mkorofi", kwa kuwa jina humkaa mtoto kama nguo naye akalikulia. Tusicheke, maana kicheko ni tuzo. Wala tusimtishe kwa polisi au sindano ya daktari, tukamfanya awaogope watu atakaowahitaji. Lakini pia tusipuuze dalili. Mtoto aliyepita miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili apelekwe kliniki, na masikio yake yapimwe. Mtoto wa miaka mitano ambaye bado anawaumiza wenzake kila siku anahitaji msaada wa mtaalamu, na huenda nyumbani kwake kuna mtu anayeumizwa pia.

Nanyi wanafunzi wangu wa isimu, mnaolalamika kila mwaka kwamba mada za utafiti zimekwisha, ziko wapi tasnifu juu ya usemi wa watoto wadogo wa Kikuria, wa Kiluo, wa Kisuba? Ben Blount aliuchunguza usemi wa watoto wa Kiluo katika miaka ya 1960, akaonyesha kwamba maneno mengi waliyoambiwa na wakubwa yalikuwa amri na maswali. Je, leo hii tunawaambia nini? Mtoto huwezi kumdai maneno ambayo hujampa.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, naye hakumbuki lolote. Nilimsomea sentensi ile ya daftarini mwaka jana, nikamwomba radhi. Alicheka, kisha akaniuliza: "Baba, ungekuwa wewe ndiye mdogo, ungetaka ufanyiwe nini?" Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nilimjibu kwamba ningetaka mtu anisaidie kusema.

Yule mvulana wa Awendo alijaribu. Bibi yake alipomrudishia maneno mara ya tatu, alikunja uso, akakusanya nguvu, akatoa sauti moja: "*Maya!*" Katazo lote lilikuwa limedondoka, na alichosema hasa ni "ninyang'anye", kinyume kabisa cha alichokusudia. Wakubwa wote walicheka, naye akacheka. Lakini binamu yake alimwelewa vyema, akaurudisha mkono wake nyuma, wala hakuna aliyeng'atwa tena alasiri hiyo.